Pamba Begani

Mimi siwezi kupita karibu na kitu kilichopinda nikakiacha. Picha ikikaa upande ukutani kwa mtu, hata kama nimekwenda kutoa pole ya msiba, nitainuka niinyooshe. Marehemu mume wangu alikuwa akisema kwamba siku akifa nitalinyoosha hata jeneza lake, na kweli nililinyoosha, maana wale vijana wa mazishi walikuwa wameliweka kama gunia la mahindi. Kwa fundi wa nguo hiyo ni sifa. Kwa mama ni balaa, na hilo nimelijua nikiwa na miaka sitini na miwili, wakati halinisaidii tena.

Jina langu ni Domitila na nashona magauni ya harusi. Hapa mjini kwetu, katika jimbo la Zacatecas nchini Meksiko, ukishuka kutoka kanisani hadi sokoni utapishana na wanawake wengi walioolewa ndani ya mshono wangu. Baadhi yao ndoa zimeshavunjika, lakini mishono bado imeshika. Waulize.

Kwetu msichana hushonewa gauni kubwa mara mbili: la kutimiza miaka kumi na mitano, na la harusi. Karatasi za kukatia gauni la kwanza mimi huzitunza, nimezikunja na kuziandika jina kwa penseli. Siku msichana akiposwa nazitoa kabatini, nazipanua kiunoni, nazishusha kifuani, naongeza alichoongeza Mungu na mikate yetu ya tortilla. Karatasi ileile iliyomtoa utotoni ndiyo inayompeleka altareni, ikiwa na viraka vya magazeti pembeni. Kwa kabati lile naweza kukwambia nani alinenepa, lini na kwa sababu gani, ila huwa sisemi. Haya, huwa nasema kidogo.

Karatasi za binti yangu Rosaura zilikaa chini kabisa ya kabati kwa miaka kumi na sita bila kuguswa.

Rosaura alizaliwa na bega la kulia limeshuka kuliko la kushoto, kwa sentimita mbili. Mtu wa kawaida haoni. Mimi niliona alipokuwa na miaka minne, nilipomvalisha gauni lake la kwanza la kanisani, na tangu siku hiyo sikuona kitu kingine kwa yule mtoto. Nilimtilia pamba begani kwenye sare ya shule, kwenye koti, kwenye kila nguo, mpaka baba yake akaniuliza kama nitamtilia na kwenye nguo ya kulalia, isije malaika wakamcheka. Nikamjibu samaki mkunje angali mbichi. Nilikuwa na majibu mengi siku zile.

Alipotimiza miaka kumi na mitano nikamshonea gauni la rangi ya waridi lenye marinda saba. Siku ya kumjaribisha, sebule yangu ilikuwa imejaa wanawake, wengine wamekuja kupimwa, wengine wamekuja kwa umbea na kahawa ya bure. Rosaura amesimama juu ya kiti. Mimi nina pini mdomoni. Nikasukuma pamba ya tatu kwenye lile bega, unene wa kipande cha mkate, na bado gauni linalala upande. Nikatoa pini mdomoni, nikasema, "Huyu mtoto Mungu alimtundika vibaya kwenye henga ya nguo."

Sebule nzima iliangua kicheko. Eleuteria, komadre wangu, ambaye ndiye aliyemshika Rosaura siku ya ubatizo, alicheka hadi akajimwagia kahawa. Rosaura hakulia. Alishuka kwenye kiti taratibu ili pini zisimchome, akaenda jikoni. Wiki haikuisha, shuleni wakawa wanamwita Henga. Sokoni nako wakamwita Henga. Hata padri aliwahi kukosea. Akiwa na miaka kumi na tisa akaondoka kwenda kaskazini, Chicago, Marekani, kwa mdogo wangu Chela. Watu walisema amefuata kazi, na mimi nikasema hivyohivyo. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole lingepona.

Kwa miaka kumi na miwili alinipigia simu Krismasi na Siku ya Mama, basi. Alikuwa mpole, ananitumia hela za dawa, ananiuliza habari za magoti yangu. Hakuwahi kuniuliza kitu ambacho jibu lake lingechukua zaidi ya dakika moja.

Mwezi wa tano mwaka huu akanipigia siku ya kawaida, Alhamisi, mchana.

"Mama, naolewa."

"Na nani?"

"Na Efraín! Si nilikwambia habari zake Krismasi?"

"Uliniambia ana gari. Hukuniambia ana nia."

Akacheka. Nakwambia alicheka, kicheko cha tumboni, na mimi nikakaa kitini bila kutazama. Kwenye kiti cha fundi mtu hakai bila kutazama. Pini ilinichoma na sikujali.

"Harusi ni Oktoba," akasema. "Huku huku, kwa sababu ndugu zake Efraín wako huku wote. Najua viza walikunyima, usianze kulia."

"Nani analia? Walininyima mara mbili, nimeshazoea."

"Nataka unishonee gauni, Mama."

Mama asiyekuwepo kwenye harusi ya mwanawe anakuwepo kwa kitu gani? Kwa picha iliyowekwa mezani? Lakini gauni linamshika mwili mzima toka asubuhi hadi ngoma ya mwisho. Nilijua kabisa nilichokuwa napewa.

"Ila nakuomba jambo moja," akaendelea, na sauti yake ikabadilika. "Usiniwekee chochote begani. Nishonee kwa bega langu lilivyo."

"Mwanangu, lakini satini huwa..."

"Mama."

"Sijasema kitu."

"Jambo moja tu. Ukinifanyia hilo, Desemba namleta Efraín nyumbani umwone. Karatasi zangu za ukaazi zilikamilika tangu mwaka juzi, naweza kutoka na kurudi."

Tangu mwaka juzi! Miaka miwili angeweza kupanda basi akaja kulala kwenye kitanda chake, na hakuja. Hilo liliniuma kuliko ile pini. Lakini safari hii nilifunga mdomo.

"Naapa kwa Bikira," nikasema. "Sitakuwekea kitu."

Chela alimpima akanitumia vipimo kwenye simu, na Chela ni binti wa fundi kama mimi, hakosei. Kutoka kiunoni hadi ncha ya bega la kushoto, arobaini na moja. La kulia, thelathini na tisa.

Sasa nikueleze jambo la kazi yetu, maana bila hilo hutanielewa. Sisi tunakata nusu ya mwili. Karatasi huwa ya upande mmoja tu. Unakunja kitambaa, unailaza kwenye mkunjo, unakata, ukifungua unapata pande mbili zinazofanana. Mama yangu alinifundisha hivyo, na yeye alifundishwa hivyo. Hakuna mwanamke mwenye pande mbili zinazofanana, lakini sisi tunamkatia kana kwamba anazo, kisha kilichobaki tunakisahihisha kwa pamba, kwa pini, kwa kumwambia ajinyooshe. Kumkatia mtu jinsi alivyo ni lazima uchore karatasi nzima, kulia na kushoto, na kitambaa ukilaze wazi bila kukunja. Kwa miaka arobaini na minne sikuwahi kufanya hivyo, hata mara moja.

Nilifanya. Nilizitoa karatasi zake za miaka kumi na mitano, zenye matundu ya pini na doa la kahawa, nikazichora upya kwenye karatasi kubwa, upande wa kushoto kivyake na wa kulia kivyake. Mkono ulikuwa unakataa. Kila nikichora mstari wa bega la kulia, penseli ilipanda juu yenyewe, nikafuta, nikachora tena, mpaka karatasi ikatoboka nikaitia kiraka.

Kwa mgongo nilikwama. Vipimo vinakwambia upana, havikwambii nyama imekaaje, na msichana niliyemjua alikuwa na miaka kumi na tisa, si thelathini na mmoja. Nikafikiri: mtoto huchukua mgongo wa mamake. Nikatoa karatasi za gauni langu mwenyewe la harusi, alizozikata marehemu mama. Sikuwa nimezifungua hata siku moja. Alizikunja yeye, nikazihifadhi nilipomzika.

Kwenye bega la kulia aliandika kwa penseli, kwa yale maandishi yake madogo kama chawa: *pamba, unene wa kidole.*

Nilidhani ni karatasi ya mtu mwingine. Nikatazama jina. Domitila. Nikaenda mbele ya kioo kikubwa ninachosimamishia maharusi, nikavua sweta, nikabaki na shimizi. Bega langu la kulia limeshuka kama la Rosaura. Nimewatazama wanawake kwenye kioo kile miaka yote hiyo na sikuwahi kujitazama mwenyewe, maana fundi kioo hukitazama kwa ajili ya wengine. Niliolewa na pamba begani na sikujua. Nguo zangu zote za ujana alizishona mama, na zote lazima zilikuwa na pamba, na yule mwanamke hakunitamkia neno hadi anaingia kaburini.

Kwanza nilimkasirikia. Halafu hasira ikageuka kitu kingine, na hapo ndipo nilipoanza kupotea. Nikasema moyoni: tazama alivyokuwa na busara. Alinificha, akaninyoosha, nikaishi bila kujua nina kasoro. Mimi ya mwanangu niliitangaza mbele ya sebule nzima. Kwa hiyo nikaamini kwamba kosa langu kwa Rosaura lilikuwa mdomo. Pamba sikuihesabu kabisa.

Lakini bado nilikuwa na kiapo, nikakiheshimu. Nilikata marekani kwanza, kile kitambaa rahisi cha kujaribia, nikamvalisha mdoli wa kushonea. Bega la mdoli huwezi kulishusha, kwa hiyo nikalipandisha la kushoto kwa taulo, nikaona gauni linakaa vizuri, halivuti, halina kunyanzi. Kisha nikakata satini yenyewe, rangi ya maziwa, na lesi ya Aguascalientes ya mikono yote miwili ya gauni. Vifungo ishirini na viwili mgongoni, kila kimoja nimekivika satini kwa mkono. Sikumwonyesha mtu. Eleuteria alikuja mara nne akisingizia kuazima sukari, mara zote akakuta mlango wa chumba cha kazi umefungwa.

"Komadre, mimi ndiye mama wa ubatizo," akalalamika. "Hata upindo nisione?"

"Utaliona kwenye picha. Sukari hiyo hapo."

"Una roho ngumu wewe. Kama ulishindwa kushona, sema."

Gauni lilikamilika Jumatatu, mwanzo wa Septemba. Don Nabor, ambaye kila wiki mbili hupeleka na gari lake jibini, pilipili na mafurushi ya watu hadi Chicago, alikuwa anaondoka Jumatano. Siku ya Jumanne nikalipiga pasi, nikalitundika, nikakaa kulitazama. Lilikuwa gauni bora kuliko yote niliyowahi kushona. Nasema hivyo bila aibu. Bega la kulia lilishuka kidogo, na gauni zima lilifuata bega hilo kwa amani, kama maji yanavyofuata mteremko.

Ndipo Chela akanitumia ujumbe wa sauti. Chela hana ubaya, ila hana breki. "Dada, mama mkwe wa Rosaura ni mtu wa Durango, mwanamke wa kujiona kidogo. Jana kaniuliza eti gauni la kushonwa kwa fundi wa mji mdogo litakaa sawa kweli? Nikamwambia subiri uone, dada yangu ni moto!"

Litakaa sawa kweli? Niliusikiliza ule ujumbe mara tatu. Nikamwona yule mama wa Durango kwenye benchi la mbele kanisani, jicho moja kwa padri na jingine kwenye bega la mwanangu. Nikamsikia akimnong'oneza dadake kwamba wamepewa msichana mwenye kilema, au kwamba fundi ni kipofu. Sijui lipi lilinichoma zaidi. Nasema sijui, lakini najua. Ni la fundi.

Na hapa nitasema ukweli wote. Nafasi ya mshono begani, kile kitambaa cha ziada kinachobaki ndani, huwa kidole kimoja. Kwenye bega la kulia la Rosaura nilikuwa nimeacha vidole viwili. Niliacha siku ya kukata, nikiwa na kiapo changu kamili mdomoni, kabla Chela hajasema kitu na kabla sijamfikiria mama wa Durango. Mkono wangu ulishajua.

Nikafumua bega. Nikalipandisha sentimita mbili. Nikachambua pamba mpya, laini, nikaitandaza iwe nyembamba pembeni ili isisikike kwa kidole, nikaifunga katikati ya satini na bitana, nikaishika kwa mishono minne. Hata fundi mwingine angepapasa asigundue. Mama yangu angejivunia. Nilijiambia hatajua, na asichokijua hakitamuumiza, atapendeza, na yule mwanamke wa Durango atanyamaza. Kwenye boksi nikaweka kikaratasi: *Kama ulivyotaka, mwanangu.*

Wiki moja baadaye akanipigia.

"Mama, nimelivaa! Linanikaa kama ngozi. Hivi vifungo umekaa navyo siku ngapi?"

"Siku mbili na macho yote mawili."

"Asante," akasema. "Asante kwa lile jingine."

"Lipi?"

"Unalijua."

Nilisema sawa. Kwa Chela kuna kioo kimoja tu, cha kunawia uso, juu ya sinki. Alikuwa amejiona shingo na kidevu. Wiki zile tano zilizofuata alinipigia simu kila Jumapili. Tuliongea saa nzima. Aliniuliza namna ninavyopika mole, ule mchuzi wa pilipili wa harusi, aliniambia Efraín anakoroma, aliniuliza kama kitanda chake bado kinalia. Nilimwita fundi seremala akakaza kitanda. Nilinunua shuka. Sikumbuki katika maisha yangu nimewahi kuwa na furaha vile, na ilikuwa furaha ya kuiba, na sikuona tabu kuila.

Siku ya harusi ilikuwa Jumamosi. Nilivaa nguo yangu nzuri nikakaa karibu na simu toka asubuhi, maana Chela aliahidi kunionyesha kanisa kwa video. Simu haikulia. Saa ya misa ikapita. Nikasema mtandao. Jumapili nayo ikapita, na nikasema uchovu. Jumatatu asubuhi akanipigia Rosaura mwenyewe.

"Mwanangu! Nimekaa hapa kama mkiwa. Harusi ilikuwaje?"

"Nzuri, Mama."

"Na gauni?"

"Sikulivaa."

Nilisikia vizuri, lakini nikamwuliza tena kama kiziwi.

"Asubuhi tulikwenda saluni," akasema. Alisema polepole, kama mtu aliyejizoeza. "Pale kuna vioo vikubwa, vitatu, unajiona kila upande. Mama mdogo akanifunga vifungo vyote ishirini na viwili. Nikajitazama. Niko sawa, Mama. Mabega yote mawili, sawasawa. Mimi siko sawa. Nina miaka thelathini na mmoja, najua nilivyo. Ndiyo nikajua umefanya nini."

"Rosaura, ilikuwa pamba kidogo tu, haionekani..."

"Nililia mpaka yule dada wa saluni akafikiri Efraín amekimbia. Nililia kwenye hilo gauni lako mpaka nikaona aibu. Kisha nikalivua."

"Si mngefumua? Chela anajua kufumua! Mishono minne ile, dakika moja!"

Niliposema hivyo nilijisikia nilivyosikika.

"Mama mdogo alishika mkasi," akasema. "Nikamwambia aache. Mishono minne, Mama. Na wewe ulishindwa kuiacha."

"Nilikuwa nakulinda. Yule mama mkwe wako alisema..."

"Mama mkwe wangu alinikuta nalia, akanipeleka kwenye duka la jirani, akanikodishia gauni. La kukodi, mabega wazi yote mawili. Akanifunga zipu. Hakusema kitu kuhusu bega langu. Nadhani hakuona."

Mwanamke mwingine ndiye aliyemfunga mwanangu gauni la harusi, na ni yuleyule niliyekuwa namwogopa. Nilitaka kusema pole. Neno lenyewe ni dogo, hata mtoto anaweza. Nikasema, "Na la kukodi lilikukaa vizuri kweli? Kwenye kwapa?"

Mungu anisamehe, ndicho nilichosema.

"Desemba usiniandalie kitanda," akasema Rosaura. Hakukata simu kwa hasira. Aliniuliza magoti yangu yanaendeleaje, nikamwambia yanaendelea, akasema vizuri, nikapumzike. Dakika moja haikutimia.

Picha hakunitumia, na mimi sikuwa na uso wa kuomba.

Ijumaa iliyofuata Eleuteria akaja, na hakusingizia sukari. Alikuja na wanawake wawili wa kwaya nyuma yake, anapunga simu hewani, anaanza kusema akiwa bado mlangoni.

"Komadre! Chela kanitumia picha, hata neno moja hakuandika! Wewe ulinifungia mlango, haya, Mungu kanifungulia dirisha!"

Akaniwekea simu chini ya pua. Macho yangu yalikwenda begani kabla ya kwenda usoni. Nasema nilivyo. Gauni lilikuwa la kawaida, la dukani, mshono wa kifuani unavuta na upindo umekatwa kwa haraka. Juu yake yalikuwa mabega ya mwanangu, wazi, la kushoto juu na la kulia chini, na mnyororo mwembamba wa dhahabu umelala upande kwa sababu yake. Ndipo nikaona uso. Anacheka kile kicheko cha tumboni, kichwa amekitupa nyuma. Ni mzuri. Miaka yote ile nilikuwa naye ndani ya nyumba, na sikuwa nimeona kwamba mtoto wangu ni mzuri.

Wale wa kwaya waliinama wote wawili juu ya simu. Mmoja akasema hajawahi kuniona nashona gauni lisilo na mikono. Mwingine akaniuliza satini niliinunua wapi. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Mdomo huu, ambao haujawahi kukosa la kusema, ulikaa kimya.

Eleuteria alikuwa haangalii gauni. Alikuwa ameikuza picha kwa vidole viwili, anatazama bega, na macho yake yamelowa, yeye aliyecheka hadi akamwaga kahawa.

"Umemwachia bega lake," akasema polepole. "Nakufahamu tangu tunasuka nywele, Domitila, na hujawahi kumwacha mtu jinsi alivyo. Nilidhani utakufa hujajifunza." Akanishika mkono. "Mtoto huyo alikusubiri miaka mingi kwa hili. Alipolifungua boksi lazima alilia."

"Alilia," nikasema. "Alilia sana."